Injini imebadilishwa, mshale wa spidi umelala: Gari la shule la mwanao liko salama?

Dar es Salaam. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, honi mbili fupi zinasikika nje ya geti. Ni Noah ya shule. Kwa siku tatu haikuonekana. Wazazi walijulishwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba injini imenoki na inatafutwa nyingine. Kuna watoto waliopelekwa kwa bodaboda, wengine wakagombania daladala, wengine wakafika darasani vipindi vimeshaanza. Leo gari limerudi na kila mzazi anashusha pumzi.

Jioni, wakati wa chakula, mtoto wa darasa la tatu ambaye kiti chake ni nyuma ya dereva anasema jambo ambalo mama yake hakulitegemea.

“Mama, ule mshale wa gari ya anko siku hizi hautembei. Gari inakimbia, lakini wenyewe uko kwenye sifuri.”

Asubuhi inayofuata mama anamuuliza dereva. Jibu linakuja na tabasamu: “Mama, usiwe na wasiwasi. Ni sensa ya spidi tu haijaungwa. Injini ni nzima kabisa. Mshale hausukumi gari.”

Mlango unafungwa, gari linaondoka. Mama anabaki getini akiwa hajaridhika, lakini pia hana la kujibu, kwa sababu mambo ya injini hayajui.

Mazungumzo ya namna hii yanaweza kutokea katika mtaa wowote ambao watoto wanakwenda shule kwa magari yaliyotumika miaka mingi. Na dereva huyo hajasema uongo, ila amesema nusu ya ukweli. Injini nyingi zinaweza kuwaka na kutembea bila sensa ya spidi. Lakini kuwaka ni jambo moja, kufanya kazi sawasawa na kwa usalama ni jambo jingine. Nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mzazi.

Injini ya mtumba, dashibodi ya zamani

Magari mengi yanayobeba wanafunzi nchini yaliingia kutoka Japan yakiwa tayari yametumika. Noah ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001, ina zaidi ya miaka 20 sasa. Injini ikifika mwisho, mmiliki ana njia mbili: kuifungua na kuitengeneza upya, au kununua injini nyingine ya mtumba na kuifunga. Wengi huchagua njia ya pili kwa sababu gari hurudi barabarani haraka.

Kubadilisha injini si kosa. Ikifanywa na fundi makini, gari linaweza kuwa bora kuliko lilivyokuwa. Tatizo huanzia kwenye waya.

Injini ya kisasa haifanyi kazi peke yake. Ina kompyuta yake ndogo, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, inayopokea taarifa kutoka sehemu mbalimbali za gari kupitia vifaa vinavyoitwa sensa. Hizi si sensa za kuhesabu watu. Ni vifaa vidogo vinavyopima joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, na mwendo wa gari.

Injini mpya inapoingia kwenye gari la zamani, dashibodi ni ya gari lile lile, giaboksi huenda ni ya zamani au imekuja na injini, na kontroli boksi nayo huenda imetoka gari jingine kabisa. Fundi anatakiwa kuunganisha waya za pande zote mbili zielewane. Waya za kuwasha injini huungwa kwanza, maana bila hizo mteja halipi. Waya wa spidi mara nyingi husubiri, na gari likishawaka, husahaulika.

Sensa hiyo inafanya nini?

Katika magari mengi, sensa ya spidi hufungwa kwenye giaboksi, karibu na sehemu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gari likitembea, sensa hutuma mapigo ya umeme. Gari likiongeza mwendo, mapigo huwa ya haraka zaidi; likisimama, hukoma.

Mapigo hayo hutumiwa na zaidi ya kifaa kimoja. Kwanza ni dashibodi, ili mshale upande na kilomita zihesabiwe. Pili ni kontroli boksi ya injini. Tatu, kwenye magari ya gia za otomatiki, ni mfumo unaoamua gia ibadilike lini.

Kuna jambo ambalo huwachanganya hata baadhi ya mafundi. Magari kadhaa ya Toyota ya miaka ya 1990 yalitumia kebo ya chuma inayozunguka kutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya mshale. Katika magari hayo, kifaa kidogo kinachotuma mapigo kwa kontroli boksi kimewekwa ndani ya dashibodi yenyewe, nyuma ya mshale. Kebo ikikatika au dashibodi ikifunguliwa, mshale unalala na kontroli boksi nayo inakosa taarifa. Ndiyo maana kauli kwamba “ni mshale tu” haitoshi. Aliyelala anaweza kuwa mshale peke yake, au mshale pamoja na taarifa inayotegemewa na injini.

Je, injini inaihitaji?

Jibu linategemea aina ya injini, na mzazi anaweza kulielewa bila kuwa fundi.

Kundi la kwanza ni injini za zamani za kabureta na za dizeli zenye pampu ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta. Hiace nyingi zilizotumia injini za dizeli za 2L, 3L na 5L ziko hapa. Injini hizi hazina habari na sensa ya spidi. Zitavuta vilevile, ikiwepo au isiwepo. Kwenye gari la kundi hili, mshale uliolala haumaanishi kuwa injini inaumwa, ingawa dereva bado haoni mwendo wake.

Kundi la pili ni injini zinazoongozwa na kompyuta, zenye gia za mkono. Kwa Toyota kuna njia rahisi ya kuzitambua: namba ya aina ya injini huwa na herufi E mwishoni, kama 3S-FE, 1RZ-E, 5L-E au 1KZ-TE. Injini hizi zitawaka na kutembea bila sensa ya spidi, kwa sababu kinachohitajika ili ziwake ni taarifa za mzunguko wa injini, hewa na joto. Lakini kontroli boksi haitajua kama gari linatembea au limesimama.

Hapo ndipo matatizo hujitokeza, ingawa si kwa kila gari na si kwa kiwango kilekile. Dereva anapoachia mafuta ili asimame kwenye taa au kituoni, kompyuta hupaswa kuandaa hewa ya kutosha ili injini ibaki ikinguruma taratibu. Bila taarifa ya mwendo, baadhi ya magari hutetemeka au kuzima kabisa gari linapokaribia kusimama. Mengine hupunguziwa nguvu na kompyuta yao, na mengine hula mafuta kuliko kawaida. Baadhi hayaonyeshi dalili yoyote isipokuwa taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Kundi la tatu ni magari ya gia za otomatiki zinazoongozwa kwa umeme. Hapa sensa ni muhimu zaidi. Giaboksi huamua kupanda au kushuka gia kwa kulinganisha mwendo wa gari na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Ikikosa mwendo, inaweza kubaki kwenye gia moja, kuchelewa kubadilisha, au kubadilisha kwa mshtuko unaowasukuma watoto mbele. Baadhi ya Toyota za otomatiki zina sensa mbili, moja ikiwa akiba ya nyingine. Kwenye magari hayo mshale unaweza kupanda vizuri huku giaboksi ikiwa na kasoro. Dalili mojawapo ni taa ya O/D OFF kuwaka na kuzima yenyewe mfululizo.

Hatari ya gari kuzima likiwa kwenye mwendo

Kwa mtu mzima aliye peke yake, gari kuzima kwenye foleni ni kero. Kwa gari lenye watoto 10 ndani, ni jambo jingine.

Injini ndiyo inayosaidia breki na usukani. Breki za magari haya hupata msaada wa mvuto wa hewa unaotengenezwa injini ikiwa inafanya kazi. Injini ikizima, msaada uliobaki hutosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu, na dereva analazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi ili gari lisimame. Usukani wa pawa unaotegemea pampu ya injini nao huwa mzito ghafla.

Sasa weka hali hiyo kwenye mteremko, kwenye mzunguko wenye malori, au juu ya kivuko cha reli. Dereva mzoefu anaweza kulimudu gari. Lakini hakuna sababu ya kumpa mtihani huo kila asubuhi kwa ajili ya waya ambao haujaungwa.

Ndiyo maana swali la kwanza la mzazi lisihusu mshale. Liwe hili: “Anko, tangu mbadilishe injini, gari huzima ukiwa unasimama?” Mtoto naye anaweza kuulizwa. Watoto huona mengi, na wengi watakumbuka kama gari lilizimika barabarani na mara ngapi.

Mwendo usioonekana

Hata kama injini haisumbuliwi kabisa, bado kuna suala la mshale wenyewe. Hapa habari inatoka gereji na kuingia hospitali.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha barabarani kila mwaka. Mwendo ni sababu kubwa. Shirika hilo linaeleza kuwa kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari kwa mbele, hatari ya kufa ni kubwa mara 4.5 gari likiwa na mwendo wa kilomita 65 kwa saa, ukilinganisha na kilomita 50.

Tofauti ya 50 na 65 ni ndogo kwa mtu aliyekaa ndani ya gari. Macho na masikio hayaipimi vizuri. Dereva aliyetoka barabara kuu akaingia mtaani huhisi anakwenda taratibu kuliko anavyokwenda kweli, kwa sababu mwili wake umeshazoea kasi ya mwanzo. Mshale upo kwa ajili ya kumsahihisha.

Kwa hesabu ya kawaida, gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye maeneo ya makazi nchini, husafiri karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Yaani kabla dereva hajakanyaga hata breki, gari limeshapita urefu wa madarasa mawili. Dereva asiye na mshale anakisia tu kama yuko kwenye 50 au 70, tena huku watoto wengine wakivuka barabara mbele yake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mshale ukilala, mara nyingi na kilomita hazihesabiwi. Gari linatembea miezi, lakini dashibodi inasema liko palepale. Wamiliki wengi hupanga kumwaga oili na kukagua breki kwa kufuata kilomita. Zikisimama, huduma nayo husimama, na injini iliyonunuliwa kwa gharama inaanza kuchakaa mapema.

Hatari nyingine ni mshale unaopanda lakini unadanganya. Giaboksi ikiwa ya gari la aina nyingine, au matairi yakiwa ya ukubwa tofauti na ya awali, mapigo ya sensa hayatalingana na dashibodi. Mshale unaweza kuonyesha 50 wakati gari liko kwenye 60. Mtu mzima anayesafiri na watoto anaweza kulinganisha kwa programu ya simu inayopima mwendo kwa GPS. Kazi hiyo ni ya matroni au mzazi aliyepanda, si ya dereva. Dereva hapaswi kuendesha huku akisoma spidi kwenye simu.

Taa isiyowaka nayo ni dalili

Kontroli boksi ikikosa taarifa ya spidi, kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu ya kosa na kuwasha taa ya injini. Gari likichomekewa mashine ya kupimia, kosa hilo husomeka kama P0500 kwenye magari mengi, na kwenye Toyota za zamani ni namba 42. Mzazi anaweza kuomba kuona jibu hilo. Fundi umeme wa magari huchukua dakika chache tu kulipata.

Lakini kuna ujanja wa kuangalia. Badala ya kutafuta kosa, wapo wanaochomoa balbu ya taa au kukata waya wake ili dashibodi ionekane safi. Kuugundua ujanja huo ni rahisi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa ya injini inatakiwa kuwaka. Injini ikishawaka, taa inatakiwa kuzima. Isipowaka kabisa mwanzoni, si habari njema: ama imeungua, ama imezimwa makusudi.

Mzazi aulize nini?

Gari la mwanao likibadilishwa injini, maswali haya yanatosha, na hayahitaji ujuzi wa gereji:

1. Injini iliyowekwa ni ya aina gani, na ni ileile iliyokuwepo au tofauti? Ikiwa tofauti, uwezekano wa waya kutoelewana ni mkubwa zaidi.

2. Mshale wa spidi na kilomita vinafanya kazi?

3. Taa ya injini huwaka ufunguo ukifunguliwa, kisha huzima?

4. Gari huzima au hutetemeka likikaribia kusimama? Gia hubadilika bila mshtuko?

5. Gari limepimwa kwa mashine baada ya injini kufungwa, na jibu lilikuwa nini?

6. Namba ya injini iliyoko kwenye kadi ya gari imebadilishwa? Kadi huonyesha namba ya injini, hivyo injini ikibadilika, taarifa hizo zinapaswa kurekebishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kadi isiyolingana na gari inaweza kuleta usumbufu wakati wa ukaguzi, au wakati wa kudai bima baada ya ajali.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Dereva wa gari la shule ni mtu anayeamka kabla ya wote na kubeba watoto wa watu kila siku. Akiulizwa kwa kushutumiwa mbele ya watoto, atajitetea tu. Akiulizwa kwa heshima, pembeni, huenda yeye mwenyewe ndiye anayesumbuliwa na gari hilo na hana sauti kwa mmiliki. Mara nyingi dereva si mwenye gari. Wazazi watano wakizungumza na mmiliki kwa pamoja, au kupitia uongozi wa shule, uzito unakuwa tofauti na mzazi mmoja getini.

Iwapo gari linazima barabarani na mmiliki hataki kulitengeneza, wazazi wana haki ya kuwasimamisha watoto wao kulipanda na kutoa taarifa kwa polisi wa usalama barabarani au Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Kazi imalizike

Habari njema ni kwamba tatizo hili kwa kawaida halihitaji kushusha injini tena. Ikilinganishwa na injini yenyewe, sensa ya spidi ni kifaa kidogo. Mara nyingi hata hakijafa: waya haukuungwa, plagi imelegea, kebo imekatika, au gia ndogo ya plastiki inayoizungusha imekwisha meno. Fundi umeme anayejua kusoma ramani ya waya za gari husika anaweza kufuatilia mapigo kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi, na kutoka hapo hadi kwenye kontroli boksi, akaona yanapopotea.

Mmiliki aliyelipia injini na kuifunga ameshabeba mzigo mkubwa. Kuacha waya mmoja bila kuungwa ni sawa na mtu aliyejenga nyumba akaacha kufunga mlango.

Kwa mama aliyebaki getini, jibu la dereva wake linaweza kupokelewa na kuongezewa kidogo: “Sawa anko, nimefurahi injini ni nzima. Sasa lini fundi atamalizia mshale?” Kisha jioni amuulize yule aliyekaa nyuma ya dereva. Yeye ndiye wa kwanza kuona kama mshale umeanza kupanda.